Nani Abebe Mzigo? Siku Moja ya Msafara Kusini mwa Ruvuma

Katika kufundisha historia ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika tumekuwa na mazoea ya kuanza na tarehe na kumalizia na bendera. Mwanachuo wa darasa la makada anaweza kukutajia bila kusita kwamba FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni, 1962, kwamba risasi ya kwanza ya vita vya ukombozi ilipigwa Chai, katika jimbo la Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba, 1964, na kwamba Msumbiji ilijipatia uhuru tarehe 25 Juni, 1975. Muulize basi risasi hiyo ilifikaje Chai. Hapo darasa hukaa kimya. Mmoja atasema ilipelekwa na Kamati ya Ukombozi ya OAU. Mwingine atasema ilitoka katika nchi rafiki za kisoshalisti. Majibu yote mawili yana ukweli, na yote mawili yanaishia bandarini. Kutoka bandarini hadi Nachingwea silaha zilipanda lori. Kutoka Nachingwea hadi karibu na ukingo wa mto zilipanda lori tena, kadiri barabara na mvua zilivyoruhusu. Kutoka hapo zilipanda kichwa cha mtu.

Makala haya yanamhusu mtu huyo na mwendo wake wa siku moja. Nimeuchagua mwendo huo kwa sababu ndani yake mna swali kubwa la siasa la vita vile, swali ambalo nusura likivunje chama cha FRELIMO kati ya 1967 na 1969: katika mapinduzi nani abebe mzigo, na anambebea nani?

Anayetazama ramani huuona mto Ruvuma kama mstari. Mstari huo ulikubaliwa na Wajerumani na Wareno mwaka 1886, na hakuna mwenyeji yeyote wa kingo zake aliyeulizwa. Wamakonde walikuwa na uwanda wao huku Newala na uwanda wao kule Mueda, na katikati bonde la mto. Wayao, Wamakua na Wanyanja nao waligawanywa vivyo hivyo. Lakini mabeberu waliochora mpaka hawakuweza kuwazuia watu kutembea. Kilimo cha pamba cha kulazimishwa kilipoanzishwa na Wareno mwaka 1938, juu ya kodi na kazi ya shokoa iliyoitwa chibalo, watu wa Cabo Delgado walifunga vitu vyao wakavuka. Wakaenda kukata mkonge Lindi na Tanga. Hao ndio ambao wazee wetu wa mashambani waliwaita Wamawiha. Njia walizozikanyaga usiku wakiwa na mikeka na watoto ndizo ambazo miaka ishirini baadaye zilipitishwa bunduki kuelekea upande wa pili. Kabla ya kuwa njia za ukombozi zilikuwa njia za kukimbia, na jambo hili lina maana kubwa kuliko tunavyolipa nafasi vitabuni. Mpigania uhuru hakuhitaji kugundua njia. Alihitaji kuaminiwa na mwenye kuijua.

Kuhusu usafiri upande wetu kuna kichekesho cha historia. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walimwaga fedha nyingi katika mpango wao wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya karanga hizo walijenga bandari ya Mtwara yenye kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga hazikuota. Reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, yaani muda mfupi tu kabla ya kupatikana shehena ya maana ya kuibeba. Kilichobaki ni mashamba yaliyofyekwa na majengo, na hapo ndipo FRELIMO ilipojenga kambi yake kuu ya mafunzo. Ubeberu uliacha nyuma uwanja wa gwaride na kuondoka na reli.

Sasa tufikirie mtu aliyeambiwa, mwaka 1965 au 1966, abebe kasha la risasi. Hakuwa mtu asiye na kumbukumbu. Katika nchi hizi neno mpagazi lina uzito wake. Baba yake au babu yake alipata kukamatwa katika vita vya 1914 hadi 1918, Wajerumani, Waingereza na Wareno walipofukuzana katika nyanda hizohizo za Ruvuma huku mizigo yao ikiwa vichwani mwa Waafrika. Kwa hesabu za Waingereza wenyewe wapagazi waliokufa upande wao katika vita vya Afrika Mashariki walizidi 40,000, na wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, homa na njaa. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi hicho cha wapagazi, ijapokuwa wanaonunua nyanya pale kila siku hawalikumbuki. Kwa mkulima wa Cabo Delgado, basi, mtu mwenye bunduki akimwamuru mtu asiye na bunduki abebe mzigo, huo ulikuwa ukoloni hasa. Kama chama cha ukombozi kilitaka kumwomba mkulima yuleyule abebe tena, kililazimika kumwonyesha kwa vitendo kwamba kilichobadilika si rangi ya msimamizi peke yake.

Siku ninayoieleza hapa chini si ya tarehe moja. Ni siku ya kawaida ya kiangazi, tuseme kati ya 1967 na 1969, katika eneo la kati ya mto na uwanda wa Mueda. Nimeiunganisha kutokana na mambo ambayo masimulizi ya waliotembea yanakubaliana.

Mto huvukwa usiku. Wakati wa masika Ruvuma hujaa, na bila mtumbwi na mpiga kasia hodari havukiki. Viboko na mamba nao wana madai yao. Wakati wa kiangazi maji hupungua, mchanga ukatokeza mpana, na mahali pengine mtu huvuka kwa miguu maji yakimfika kifuani, mzigo ukiwa juu ya kichwa. Kiangazi hurahisisha maji na kuongeza hatari, kwani mchanga mweupe huonyesha nyayo na mtu aliye juu yake hana pa kujificha. Kwa hiyo kabla ya alfajiri wote wawe wameingia msituni, na nyayo ziwe zimefutwa kwa matawi.

Msafara hupangwa mstari mmoja. Mbele huenda mtu wa mgambo wa eneo lile, anayejua ni mti gani uliokatwa jana na ni upi uliokatwa leo. Nyuma yake wapiganaji wachache, kisha wabebaji, kisha wapiganaji tena. Baina ya mtu na mtu huachwa hatua kadhaa, ili bomu moja la kutega ardhini lisiwachukue wawili. Hakuna kuongea. Wanawake hubeba kichwani juu ya ngata, wengine na mtoto mgongoni. Wanaume wengi huweka begani, wakibadilisha bega bila kusimama. Mwenye kikohozi huwekwa mahali ambapo kikohozi chake hakitaleta madhara makubwa, au huachwa.

Jua linapopanda mwendo hupungua. Nyasi za kiangazi hukata miguu, na waliokuwa na viatu walikuwa wachache. Inapofika saa nne au saa tano huanza kusikika ndege. Ureno ilikuwa nchi maskini kuliko zote za Ulaya Magharibi, lakini ilikuwa mwanachama wa NATO tangu 1949, na kwa njia hiyo ilipata ndege ambazo viwanda vyake visingeweza kuziunda, zikiwamo Fiat G.91 zilizotoka Ujerumani ya Magharibi. Msafara hukaa chini ya miti mahali ulipo. Moto hauwashwi. Wanakula muhogo uliopikwa usiku uliopita, au mahindi ya kukaanga, na kukiwa na dhiki huchimbwa ming'oko. Hapo ndipo kamisaa wa siasa, kama yupo, huketi na watu wachache wachache na kueleza kwa sauti ya chini kazi ya mzigo ule. Mara nyingi alieleza kwa Kiswahili, kwani kundi moja liliweza kuwa na Mmakonde, Mmakua, Mnyanja na kijana wa Kichangana kutoka kusini kabisa, na lugha waliyoielewa wengi wao, hasa waliopata kufanya kazi Tanganyika, ilikuwa hiyo.

Alasiri kazi kubwa ni maji. Asiyezifahamu nyanda za Wamakonde hudhani kwamba mahali penye msitu mnene hapakosi chemchemi. Juu ya uwanda maji hayakai, ardhi huyanywa. Mto na mabonde viko chini, na wanawake wa uwandani, wa Newala na wa Mueda, wamekuwa wakishuka na kupanda mwendo wa saa nyingi kwa mtungi mmoja tangu zamani. Msafara unaopanda uwanda kwa hiyo hubeba maji pia. Lita moja ni kilo moja. Kila lita inayookoa mtu ni risasi zilizoachwa nyuma, na kiongozi wa msafara ambaye hakuweza kufanya hesabu hiyo alipoteza ama watu ama risasi.

Jua linapotua watu husimama tena na kutembea mpaka kituo cha kupokelea. Mara nyingi wabebaji wa eneo moja hawakwenda mpaka mwisho. Walikabidhi kwa wenzao wa eneo la mbele wakarudi. Mpango huo ulikuwa na maana ya kijeshi, kwa kuwa aliyekamatwa hakujua njia nzima. Ulikuwa na maana ya kisiasa pia. Kila eneo lilikuwa na sehemu yake ya mzigo, na mkutano wa kijiji uliweza kuuliza ni nani hajakwenda.

Tufanye hesabu ndogo. Kombora moja la mzinga mdogo wa milimita 82 lina uzito wa kilo 3 hivi. Mtu mwenye nguvu akibeba manane, huo ni mzigo wa kilo 24, karibu sawa na ule mzigo wa ratili 60 wa mpagazi wa zamani. Baada ya siku nne za mwendo kama nilioueleza, wapigaji wenye ujuzi humaliza makombora hayo manane ndani ya dakika moja. Siku nne za mtu mmoja kwa chini ya dakika moja ya mapigano! Nawaomba wanachuo waikumbuke hesabu hii kila wanaposoma kwamba wapiganaji waliishambulia kambi fulani kwa mizinga. Nyuma ya sentensi hiyo mna mamia ya watu wasio na majina waliokuwa barabarani kwa majuma.

Nami nisionekane kama ninayetoa mahubiri kutoka kitini. Mwaka fulani niliwachukua wanachuo wangu, kila mmoja na kilo 20 za unga, kutoka ukingo wa uwanda wa Newala kushuka hadi bondeni. Ilipofika saa tano asubuhi mjadala wa itikadi ulikuwa umekwisha kabisa. Wawili waliokuwa hodari wa kunukuu darasani walikuwa wamekwisha kumwachia mzigo mwenzao mmoja mpole, mtoto wa mkulima, ambaye hakupata kusema neno muhula mzima. Jioni hatukuwa na haja ya kutafuta mfano wa somo la kesho.

Kwa nini Wareno, wenye malori na ndege, walishindwa kuikomesha misafara hii? Sababu moja ni kwamba vita vya mabomu ya kutega ardhini viliwashusha na wao kutoka katika malori. Barabara ya kutoka Mocímboa da Praia kwenda Mueda ilitegwa mabomu kiasi kwamba msururu wa magari uliongozwa na askari waliotembea kwa miguu wakidungadunga mchanga kwa vijiti, na safari iliyostahili kuchukua saa chache ikachukua siku. Hapo jeshi lenye injini lilikuwa linakwenda kwa kasi ya mkulima, tena katika njia moja inayojulikana, wakati mkulima alikuwa na njia mia. Sababu nyingine ni ya kisiasa: wenye kuzijua njia hawakusema. Ndiyo maana Wareno wakaanza kuwahamisha watu kwa nguvu na kuwaweka katika vijiji vya ulinzi vilivyozungushiwa seng'enge. Walitambua kwamba kumkamata mbebaji mmoja hakufai kitu. Afadhali kumwondoa kila anayeweza kubeba.

Sasa tufike kwenye kiini. Msafara haukurudi mtoni mikono mitupu. Ulirudi na majeruhi juu ya machela, na pia na korosho, ufuta na mazao mengine ya sehemu zilizokombolewa. Wareno walipofukuzwa katika sehemu hizo, waliondoka pamoja na maduka. Mkulima alikuwa huru na hakuwa na chumvi. Hakuwa na nguo, sabuni wala jembe. Vitu hivyo vilipatikana Tanzania, kwa kubadilishana na mazao, na mazao yalivuka mto kwa njia zilezile na juu ya vichwa vilevile. Katika Cabo Delgado biashara hii ilishikwa na wenyeviti wa chama wakiongozwa na Lázaro Nkavandame.

Makada wengi humtaja Nkavandame kwa neno moja, msaliti, kisha hugeuza ukurasa. Mimi nasema neno hilo halitoshi na linatudhuru. Nkavandame hakuanza kama kibaraka. Katika miaka ya 1950 alianzisha ushirika wa wakulima wa pamba wa Wamakonde ili waepuke ukatili wa makampuni, na Wareno waliuona ushirika huo kuwa hatari. Mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni, 1960, ambayo FRELIMO huhesabu kwamba yaliua watu wapatao 600, na ambayo watafiti wengine huyapa hesabu ndogo zaidi, yalitokea katika mazingira ya harakati kama hizo. Mtu huyu aliijua dhuluma. Lakini lilipokuja suala la nani apate faida ya korosho iliyobebwa siku nne, akawa na jibu la mfanyabiashara. Wenyeviti walinunua kwa bei ya chini, wakauza kwa bei ya juu, wakaweka tofauti mfukoni, na mkulima aliyepigana na kubeba akakuta chumvi ni ghali kama enzi ya Mreno. Huo ulikuwa unyapara mpya uliovaa sare ya chama.

Wenyeviti haohao ndio walioupinga mpango wa wanawake. Kamati Kuu ya FRELIMO iliamua mwaka 1966 kwamba wanawake washiriki kikamilifu katika mapambano, na mwaka 1967 kundi la kwanza la wasichana 25 lilikwenda Nachingwea kufundishwa. Likawa chimbuko la Kikosi cha Wanawake. Wapinzani walisema mila imevunjwa. Na tuitazame mila hiyo kwa jicho la darasa letu! Mwanamke akibeba kombora kichwani siku nne, mila ilinyamaza. Mwanamke akishika bunduki ya kulilinda kombora lile, akasimama mkutanoni na kueleza kwa nini linabebwa, hapo mila ikaamka. Kilichokuwa hatarini si heshima ya bibi zetu. Mbebaji aliyekwisha kupata elimu ya siasa na bunduki huuliza bei ya korosho.

Miongoni mwa wasichana waliojiunga na kikosi hicho alikuwamo Josina Muthemba, ambaye Mei 1969 aliolewa na Samora Machel huko Tunduru. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kutembea: kukagua vituo vya watoto, kuwahimiza wanawake wa vijijini, kusikia ni nani aliyebebeshwa zaidi ya kiasi. Mwanzoni mwa 1971, tayari akiwa mgonjwa, alitembea tena Cabo Delgado. Aliporudi Tanzania hakuwa na nguvu. Alifariki dunia Dar es Salaam tarehe 7 Aprili, 1971, akiwa na umri wa miaka 25.

Mgogoro ulikomaa mwaka 1968. Julai mwaka huo FRELIMO ilifanya Mkutano Mkuu wake wa pili Matchedje, ndani ya Niassa, yaani ndani ya ardhi iliyokombolewa. Wajumbe walifika kwa miguu, na Basil Davidson, mwandishi wa Kiingereza, alikuwapo kushuhudia. Mahali penyewe palikuwa hoja. Wenye kutaka jimbo lao liwe nchi yao na mto uwe lango lao la biashara walitaka mkutano mahali pengine, na Nkavandame hakuhudhuria. Desemba 1968 Paulo Samuel Kankhomba, mmoja wa viongozi wa jeshi, aliuawa ukingoni mwa Ruvuma, upande wa Tanzania, alipokuwa anataka kuvuka kuingia Cabo Delgado. Januari 1969 Nkavandame akasimamishwa. Tarehe 3 Februari, 1969, Eduardo Mondlane akauawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Muda mfupi baadaye Nkavandame akaenda kujisalimisha kwa Wareno. Baada ya uhuru alikamatwa, na yeye pamoja na wengine kama Uria Simango waliuawa bila hukumu ya mahakama huru. Jambo hilo nalo ni historia ya ukombozi, na mwalimu wa siasa anayeliruka hawezi kudai kwamba anafundisha ukweli.

Zingatia mahali Kankhomba alipouawa. Hakuuawa katika mapigano na Wareno. Aliuawa pale mizigo inapobadilisha mikono. Filipe Magaia, mkuu wa kwanza wa mambo ya ulinzi, alikuwa ameuawa Oktoba 1966 huko Niassa akiwa safarini, kwa mkono wa mtu aliyekuwa ndani ya msafara wake. Adui aliye angani hufahamika. Watu walikaa chini ya mti akapita. Lakini msafara hauna ulinzi dhidi ya mtu anayetembea ndani yake kwa lengo tofauti, na ndiyo maana dakika zile za mchana, za kueleza kwa sauti ya chini kazi ya mzigo, hazikuwa mapambo.

Mwelekeo uliposhinda, ulijaribiwa mara moja. Tarehe 1 Julai, 1970, Jenerali Kaúlza de Arriaga alianza operesheni aliyoiita Fundo la Gordio, akitumia askari wapatao 35,000, ili kuziharibu kambi za Cabo Delgado na kuzikata njia zitokazo mtoni. Kambi kubwa kadhaa alizitwaa. Njia hakuzikata. Kambi ni mahali, na mahali hutwaliwa. Mtandao wa vijiji vinavyopokezana mizigo hauna lango la kuvunjwa. Wapiganaji walitawanyika, nguvu zikaelekezwa Tete, ambako vita vilikuwa vimefunguliwa upya mwaka 1968, na Julai 1972 vita vikafika Manica na Sofala. Miaka minne baada ya operesheni ile, tarehe 7 Septemba, 1974, Wareno walitia sahihi Mapatano ya Lusaka.

Upande wetu wa mto watu walilipa pia, na hatuwaandiki vya kutosha. Ndege za Wareno zilivuka mpaka mara kadhaa; mabomu yalitegwa katika njia za mashambani; wanavijiji wa Mtwara na Ruvuma waliuawa wakiwa katika shughuli zao. Wakimbizi walipokelewa Rutamba na penginepo. Katika miaka hiyohiyo vijana wa TANU walikuwa wanatembea mikoa mizima kuliunga mkono Azimio la Arusha, na Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kwenye Mkutano Mkuu. Matembezi yale yalikuwa na faida yake. Hata hivyo nawaonya wanachuo wasiyachanganye na msafara wa Ruvuma, kama ninavyoona katika insha nyingi. Yale yalikuwa ya kutangaza, na watu walijipanga barabarani kupiga makofi. Huu ulipita usiku, na ulifaulu pale tu ambapo hakuna aliyeuona.

Tangu Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, vita vimerudi Cabo Delgado, na Oktoba 2020 wauaji walivuka mto wakakishambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Palma iliposhambuliwa Machi 2021, maelfu ya watu walizishika kwa miguu njia zilezile, wengine kuelekea Nangade na Mueda, wengine kuelekea Ruvuma. Mwaka huo Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilieleza kwamba maelfu ya waliovuka walirudishwa kutoka upande wetu. Yako maelezo ya usalama, na si madogo, baada ya Kitaya. Lakini wanachuo wangu wa Mtwara waliniuliza darasani kama mama aliyerudishwa hakuwa mjukuu wa mama aliyebeba, na sikuwa na haki ya kuwajibu kwa kuwatajia namba ya waraka. Tulilijadili swali lile kwa siku mbili. Hatukukubaliana, na naliweka hapa ili matawi mengine nayo yalijadili.

Mei 1975 Samora Machel aliuvuka Ruvuma kutoka Tanzania akaanza safari yake ya mwezi mmoja kwenda kusini, hadi Maputo, kwa ajili ya sherehe za uhuru. Ilichukua miaka 35 zaidi kupata daraja. Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, lilijengwa na serikali zetu mbili pale Mtambaswala na kufunguliwa Mei 2010. Mtu asiye na mzigo hulimaliza kwa dakika kumi hivi. Kwa watu wa Newala, Tandahimba na Kitaya daraja hilo liko mbali sana, na mwenye gunia la ufuta au mgonjwa wa kupeleka ng'ambo bado huteremka bondeni alfajiri kumwita mwenye mtumbwi.